Ndiyo Mkwaju Ndiyo

Kazi yangu pale uwanja wa ndege wa Tabora ilikuwa mizani. Abiria analeta begi, napima, naandika kilo. Akileta dumu la asali namwambia alifunge sawasawa, maana asali ikimwagika ndani ya ndege nyuki watapanda bila tiketi. Kazi hiyo niliijua hadi ncha. Makaratasi ya rubani yalikuwa ya kaka mmoja mwenye miwani, na siku hiyo kaka huyo alikuwa msibani Nzega.

Kapteni wetu, Muha wa Ujiji, mtu wa maneno machache, akaniwekea fomu juu ya mizani. Mizani ikasoma sifuri.

"Mdogo wangu, nijazie flaiti plani. Aina andika C208, ndiyo Caravan yetu. Mimi naenda kuangalia mafuta. Si unajua kusoma?"

Swali hilo ukimuuliza kijana wa Isevya mwenye cheti cha kidato cha nne umemtukana. Nikajibu, "Shikamoo Kapteni, nasoma." Salamu nilikuwa nimeshatoa asubuhi, lakini ulimi ulikuwa na hofu.

Mwanzo ulikuwa mteremko. Namba ya ndege imechorwa ubavuni, nikatoka nje nikainakili. Tunatoka HTTB, ndiyo Tabora. Tunakwenda HTKA, ndiyo Kigoma mwisho wa reli. Nikafika kipengele cha 10, nikakwama kama lori la tumbaku masika.

Kipengele cha 10 kinataka vifaa vya ndege. Hakuna maelezo: kuna nafasi, mkwaju (/), na nafasi nyingine. Ukutani palikuwa na chati ya herufi zinazoruhusiwa, ila mchwa wa Tabora hawana adabu: walikuwa wamekula maelezo yote wakabakiza herufi. Nikaziangalia. Zikaniangalia. Nikajisemea, hawa wanauliza kama vifaa vipo. Vipo, nimeviona kwa macho yangu vikiwaka taa. Basi N, ndiyo. Na baada ya mkwaju? Ndiyo vilevile. N/N. Nikaipeleka dirishani nikarudi kwenye mizani yangu nikipiga mluzi.

Haikupita robo saa simu ikaita. Dada wa kupokea mipango ya safari.

"Kaka, hii ndege yenu ya Kigoma haina redio?"

"Inayo, dada."

"Haina kifaa chochote cha kuongozea?"

"Vimejaa."

"Transponda?"

Sikujua transponda ni nini, ila sikutaka kuiangusha kampuni. "Ipo, tena nzima."

"Sasa mbona umeniandikia N?"

"N si ndiyo, dada?"

Kukawa kimya. Halafu nikasikia kiti kinaburuzwa, kicheko, na sauti ya mtu mwingine akiuliza kuna nini. Aliporudi kwenye simu alikuwa anapumua kwa shida. N, kaka yangu, maana yake hakuna. Kabla ya mkwaju: hakuna redio wala kifaa cha kuongozea kinachofanya kazi. Baada ya mkwaju: hakuna transponda. Nimempeleka Kapteni Kigoma kiziwi na kipofu, na watu wa mnara walishaanza kuulizana taa ya kumulikia ndege zisizo na redio iko kabati gani.

Hapo ningemfuata Kapteni. Sikumfuata. Aibu ina ushauri mbaya sana. Iliniambia kama kosa lilikuwa kusema hatuna, dawa ni kusema tunavyo vyote. Nikaanza kukisia. G lazima ni GPS. R ni redio, hilo halina ubishi. W nikasema ni wipa za kioo cha mbele. Z, kwa kuwa iko mwishoni, ni zinginezo. Nikaziandika zote na nyingine kadhaa kwa uzuri wa mwandiko.

Simu ikaita kabla sijakaa.

"Kaka, W ni kibali cha RVSM, kule kati ya futi 29,000 na 41,000 ndege zinapopishana kwa futi 1,000 tu. Caravan yenu mwisho wake futi 25,000. Mnakwenda na nani huko?"

Nikameza mate.

"R si redio. Ni kibali cha PBN, yaani kufuata njia kwa usahihi uliowekwa, na ukiiandika lazima kipengele cha 18, cha maelezo mengine, useme ni PBN ya aina gani. Na hii Z?"

"Zinginezo," nikasema, nimeshakata tamaa.

"Hiyo umepata." Nilikaribia kulia kwa furaha. "Z ni vifaa vingine. Haya, zinginezo zipi? Maana navyo vinatajwa kwenye 18."

Nikataja mizani.

Kapteni aliingia ananuka mafuta, akanikuta nimeshika simu mikono miwili. Akaichukua, akasikiliza, akasema "ahaa" mara tatu, akakaa. Akaandika SDFG/C kwa sekunde nne. S ni vya kawaida: redio ya VHF ya kuongelea, VOR ya kuonyesha njia na ILS ya kuongozea kutua. Zamani ADF, sindano inayoelekea kituo cha redio, ilikuwa humohumo ndani ya S, lakini tangu Novemba 2012 imehamishwa, inajitegemea kwa F. D ni DME, kipima umbali hadi kituo cha ardhini. G kweli ni GPS. C ni transponda, kifaa kinachoijibu rada, ile inayotuma na kimo. Alinieleza bila kucheka, jambo lililoniuma zaidi.

"Hapa chini kwenye 19, vifaa vya kujiokoa, malizia mwenyewe," akasema. "Tuna vya majini na vya msituni."

Hilo rahisi. Nikapiga alama ya X kwenye majini, nikapiga X kwenye msituni, wino ukakolea. Ndege ikaruka imechelewa dakika arobaini.

Hakuna aliyeniambia kuwa kwenye kipengele cha 19 unakata usivyo navyo, unaacha ulivyo navyo. Na herufi nilizoziacha safi zilikuwa mbili: ya jangwani na ya ncha za dunia, kwenye barafu.

Kesho yake, jua la Oktoba la Tabora linachemsha lami, Kapteni alikuja kazini amevaa sweta la sufi, kofia ya kuziba masikio na soksi nene hadi magotini. Akapanda juu ya mizani yangu, akakunja mikono, akatetemeka.

"Nipime, Ndiyo-Ndiyo," akasema. "Baridi ya Kigoma itaniua."