Bei ya Waya Itajwe Pamoja na Bei ya Riteina

Wazazi wengi hapa Tanga hupata habari za riteina, kifaa cha kuyazuia meno yaliyopangwa yasirudi yalikotoka, siku ileile waya za meno zinapofunguliwa, wakati fedha zimekwisha kulipwa, safari za Dar es Salaam zimewachosha, na mtoto ameshika kioo anajichekea. Ndipo daktari anapoeleza kwamba kuna kifaa kingine cha kuvaa, kwamba kina bei yake, na kwamba hakina tarehe ya kuachwa. Mpwa wangu alitendewa hivyo katika kliniki moja ambayo sitaitaja, na mama yake akalazimika kukopa siku hiyohiyo. Maoni yangu ni kwamba habari hiyo ni haki ya mgonjwa tangu siku ya kwanza, kabla jino lolote halijabandikwa kitu, na bei ya riteina ihesabiwe ndani ya gharama ya matibabu, kwa kuwa pasipo riteina kazi ya waya inakuwa imeachwa njiani.

Sababu yake imo ndani ya taya. Jino halikushindiliwa katika mfupa kama msumari katika ubao. Limeshikwa ndani ya tundu lake na nyuzi laini, na waya zinapolisukuma, mfupa wa upande wa mbele humong'onyoka huku wa upande wa nyuma ukijengwa upya. Siku waya zinapotolewa mfupa huo mpya bado haujakomaa, nyuzi za ndani ya tundu zinahitaji miezi kadhaa kujipanga, na zile za kwenye fizi zinaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi, zikilivuta jino kurudi lilikotoka. Jino lililokuwa limejizungusha ndilo sumbufu kuliko yote. Kwa hiyo madaktari wengi huagiza riteina ivaliwe karibu saa zote kwa miezi ya mwanzo, kisha usiku tu.

Lakini swali la mpwa wangu, "Usiku mpaka lini, mjomba?", lilikuwa la haki kabisa, na jibu lake halipendezi. Meno ya mbele ya chini huelekea kubanana kadiri umri unavyosogea, hata kwa mtu ambaye hajawahi kufunga waya. Mwaka 1981 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walichapisha matokeo ya wagonjwa 65 waliopangwa meno baada ya kung'olewa baadhi ya magego ya mbele, wakawapima angalau miaka 10 tangu walipoacha riteina. Takriban theluthi mbili yao meno ya mbele ya chini yalikuwa yamekwisha kuharibika mpangilio. Watu hupenda kulisingizia gego la mwisho, ingawa ushahidi wa kulitia hatiani ni dhaifu. Anayetaka meno yabaki yalivyo, basi, ajiandae kuvaa usiku kwa miaka mingi.

Aina ziko tatu kwa jumla: bamba la akriliki lenye waya unaopita mbele ya meno, plastiki angavu inayofunika safu nzima, na waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno, kwa kawaida kutoka chonge hadi chonge. Huu wa mwisho unasifiwa kwa kuwa hausahauliki, nami nakubali sifa hiyo kwa mtu anayeishi karibu na daktari wake. Kwa mkazi wa Tanga, ambaye mtaalamu wake huenda yuko Dar es Salaam, kilomita zipatazo 350, nina shaka nao. Unaweza kubanduka kwenye jino moja bila mwenyewe kuhisi, jino hilo likaanza kuhama kimyakimya, na ukoga nao hujijenga chini yake kama uzi wa meno haupitishwi kila siku. Riteina ya kuvua mtu huiona kwa macho yake kila asubuhi.

Kuitunza hakuna ufundi mkubwa. Ikitoka mdomoni inakuwa na utando wenye utelezi, hasa kwenye vijishimo vya magego, na utando huo huondoka kwa mswaki laini, maji baridi na tone la sabuni ya maji. Ukiachwa ukakauka hugeuka ukoga mweupe wenye harufu. Dawa ya meno huikwaruza plastiki, na maji ya moto huipinda kabisa, sawa na joto la ndani ya gari lililoegeshwa juani, ambalo kwa jua letu la Januari si jambo la kupuuza. Chai ya sukari, kahawa na kashata vinyweke na viliwe riteina ikiwa kwenye kikasha chake, kwani sukari ikinaswa kati ya plastiki na jino mate hayawezi kuiosha. Nasema kikasha kwa makusudi: harusini Ngamiani nimeona riteina ikifungwa kwenye karatasi laini kando ya sahani ya biriani, na waliokusanya sahani hawakuwa na kosa lolote.

Mwezi wa Ramadhani una hesabu yake, kwa sababu usiku wa mfungaji umekatwakatwa na futari, tarawehe na daku. Naona ni rahisi zaidi kuivaa baada ya daku, meno yakishapigwa mswaki, na kulala nayo hadi asubuhi, na saa zilizopotea zikafidiwa kwa usingizi wa mchana wakati hakuna kinacholiwa.

Kwa aliye mbali, jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni kutengenezewa jozi mbili kwa mpigo mmoja, na kuomba sampuli ya meno, iwe ya plasta au ya kompyuta, ihifadhiwe. Riteina inayobana kidogo baada ya kurukwa siku chache kwa kawaida hulegea ikirudiwa kuvaliwa kila usiku. Ikikataa kuingia isilazimishwe kwa kuiuma. Apigiwe daktari siku hiyohiyo, kwani akichelewa hata ile jozi ya akiba haitaingia.