Sikulia, Nilisema Kulia

Kabla hamjaendelea kunirushia vile vikatuni vya machozi, naomba nisikilizwe. Yule ndugu yangu aliyetupia klipu kwenye grupu na kuandika "Kocha wetu kalia uwanjani" alikuwa amekaa jukwaa la juu kabisa, bisi mkononi. Sikulia. Nilisema KULIA. Na neno hilohilo ndilo lililoniponza.

Mnajua nasaidia timu ya sekondari moja huku Iowa, Marekani, ule mpira wao wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Sikuomba. Walinitazama mwili, wakanikabidhi magadi. (Si ya kulainishia maharage, mama Abuu, tulia.) Gadi ni wale mabonge wawili, mmoja kushoto na mwingine kulia kwa yule anayeanzisha mpira. Siku zote kazi yao ni kusukumana na aliye mbele yao. Ila kwenye swipu, yaani mchezo wa fagio, wanapata raha: wote wawili wanaacha nafasi zao, wanageukia upande mmoja, wanakimbia nyuma ya mstari mpaka pembeni, na mbeba mpira anawafuata kama gari la bwana harusi nyuma ya pikipiki. Wao wanafagia, yeye anapita.

Nilikesha natazama video za timu ya Green Bay ya kocha Vince Lombardi, miaka ya 1960. Magadi wake, Kramer na Thurston, wanachomoka pamoja utadhani wamefungwa kamba moja. Wapinzani wanajua kinachokuja, na bado hawakizuii. Nami nikawachosha vijana wangu wiki mbili: hatua ya kwanza fupi, kiwiko nyuma, usinyanyuke. Nikajiona Lombardi wa Korogwe.

Tamaa ndiyo iliniponza. Tulihisi wapinzani wanazisoma ishara zetu za mikono, nikamwambia kocha mkuu, mbona nisiwatajie upande kwa Kiswahili? Nani Iowa atajua? (Najua. NAJUA. Msiandike.)

Kipindi cha kwanza ilikuwa sukari. Fagio kushoto, yadi 8. Fagio kulia, yadi 12. Nikaanza kutembea nimefunga mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

Robo ya nne, tuko nyuma kwa pointi 4, jaribio la nne, yaani la mwisho kabla ya kuwaachia mpira, zimebaki yadi 2. Wapinzani wakamwingiza beki mpya katikati, kijana mrefu, mwembamba, jezi inampepea. Sikumjali. Nikajaza kifua: "KULIAAA!"

Yule kijana akanyanyua kichwa. Hakuwatazama wachezaji wetu. Alinitazama mimi. Kupitia vyuma vya kofia yake niliyaona meno yote. Akawageukia wenzake, akanyoosha mkono palepale niliposimama, akapaza sauti: "Wanakuja kulia hao!" Wenzake neno hawakulielewa, ila mkono waliuelewa.

Hapo mwenye akili hunyamaza. Mimi nikapayuka: "Kushoto! KUSHO..." na mpira ukaanzishwa kabla sijamaliza neno.

Gadi wa kushoto ni mtu wa msimamo, alishasikia kulia, akaenda kulia. Gadi wa kulia ni mtiifu, akaenda kushoto. Jamani, kati yao pana nafasi ya mtu mmoja. Niliwaona wakijiana uso kwa uso kwa imani kamili. Hatua ya kwanza fupi. Kiwiko nyuma. Hakuna aliyenyanyuka. Kila nilichowafundisha walikifanya bila kosa. Mlio wake, kabati la mninga limedondoka kutoka ghorofani.

Mbeba mpira akatokeza pembeni peke yake, bwana harusi aliyeachwa na msafara. Akanitazama. Nikamtazama. Na mimi, kwa kimuhemuhe, nilishaingia kwenye ule ukanda wa kando ya mstari ambao mpira ukichezwa kocha hatakiwi kuwamo. Yule beki akaja kama maji ya bomba lililopasuka, akamkumba mbeba mpira, mbeba mpira akanikumba mimi, mimi nikamkumba mwamuzi. Kahawa yangu ilipanda juu, nikaisindikiza kwa macho mpaka iliponirudia. Kisha bendera ya njano ikatua taratibu karibu na sikio langu.

Niko chali, taa za uwanja zote machoni (ndiyo hayo machozi mnayoyakuza kwenye klipu, ni TAA), mara naona mkono umenyooshwa kwangu.

"Shikamoo, kocha. Pole sana."

Mdomo umejaa majani, wapinzani wanashangilia, mwamuzi anatafuta kofia yake. Ningefanyaje? Salamu ni salamu. Nikajibu: "Marahaba."

Mengine mnayajua. Mpira kwao, adhabu ya yadi 15 juu yake, tukafungwa. Magadi wazima, ingawa mmoja bado ananikwepa kwenye korido. Kocha mkuu hakunisemesha njia nzima kwenye basi, na Jumatatu nilikuta mabango ya picha: ndizi ni upande huu, bata upande ule.

Kijana mwenyewe kazaliwa Kigoma, kambi ya Nyarugusu, wazazi wametoka Kivu. Mama yake alikuwa jukwaani siku ile, na amenialika Jumapili nikale sombe. Jana nimempigia kuuliza njia.

"Ukishavuka taa za barabarani," akaniambia, "unapinda kulia."

Kimya kidogo. Halafu nikasikia nyumba nzima inacheka.