Fundo Halikufunguka

Jamani, kabla hujairusha ile klipu ya jana, ya mimi na meza, kwenye kundi jingine, sikiliza kwanza maelezo ya mwenye mguu. Najua mmeshaiona. Najua pia kwamba rafiki yangu mmoja, ambaye tangu jana namwita shahidi wa uongo, ameitilia muziki wa huzuni na kuandika chini yake kwamba nilikuwa nalia na meza ikavunjika. Sikulia. Meza nzima kabisa. Kilichotoka ni droo, na ilitoka kwa hiari yake.

Kwa wale wachache ambao bando liliwaishia: chanzo cha yote ni kijiklipu cha mimi kufunga kamba za viatu. Asubuhi, naenda kukimbia, nikajirekodi nafunga viatu, nikaandika "Siku njema wadau." Basi. Sikuuliza swali wala kuomba ushauri. Sikugusa siasa, dini wala mpira. Nikaenda zangu kukimbia.

Nilivyorudi nikakuta nimeshashtakiwa, mashahidi wameshasikilizwa na hukumu imeshatoka. Kosa lenyewe: mwenzenu nafunga kwa vitanzi viwili. Natengeneza kitanzi huku, kitanzi huku, navipishanisha, nakaza. Kumbe hiyo ni ya watoto. Kumbe mtu mzima anatakiwa kitanzi kiwe kimoja, kamba ya pili aizungushe na kuichomeka. Mmoja kaandika, "Mtu mzima na akili zake?" Mwingine, "Ndiyo maana mambo yako hayaendi." (Mambo gani? Nani kamwambia?) Mwingine kaisimamisha klipu, kaizungushia duara jekundu mkono wangu wa kushoto, kaiposti kwake na swali, "Mnaona ninachokiona?" Watu wakaona. Wakaona na vitu ambavyo havikuwepo. Mmoja kaniandikia aya ndefu kuhusu malezi, akamaliza na "samahani kama nimekukwaza," akiwa ameshanikwaza tangu mstari wa kwanza.

Hayo yote ningeyameza. Ila akaja yule ninayemwita Bwana Fundo. Picha yake ni ya machweo, jina lake ni herufi na tarakimu, na aliandika neno moja tu: "Nimesikitika."

Angenitukana ningelala. Lakini fikiria mtu asiyekujua, huko aliko, kaacha shughuli zake, kakaa, kasikitika kwa ajili ya kamba zako za viatu. Nilizunguka kitandani usiku kucha namfikiria.

Kuna Mwingereza mmoja, Cyril Northcote Parkinson, ambaye mwaka 1957 alitunga mfano wa kamati iliyokaa kuamua mambo. Mtambo wa nyuklia walipitisha kwa dakika 2 na nusu, maana hakuna aliyeuelewa. Walipofika kwenye kibanda cha kuegeshea baiskeli, wakabishana dakika 45, kwa kuwa kibanda kila mtu anakijua. Sasa kama kibanda cha baiskeli kina wataalamu kiasi hicho, kamba za viatu je? Kila mwenye miguu ni profesa. Ningeposti mtambo wa nyuklia ningepata likes tano na "hongera sana mkuu."

Mtu mwenye busara angefuta klipu akaendelea na maisha. Mimi nikaingia kusoma. Nilisoma kuhusu kamba za viatu kwa bidii ambayo walimu wangu hawakuwahi kuiona. Lengo: nitoe video moja fupi, ya kistaarabu, yenye ushahidi, niwafunge midomo.

Ndipo tunafika jana jioni. Naomba hapa twende polepole, kwa kuwa shahidi wa uongo alirukaruka.

Nilipanga vitabu juu ya kabati, nikaegemeza simu pale, nikarudi nyuma mpaka nionekane kuanzia kichwani hadi kiatuni. Juu nimevaa shati la kola, limenyooshwa. Chini bukta ya kulalia, kwani yalikuwa mazoezi tu na suruali ilikuwa bado inasubiri pasi. Kiatu cha kulia kiko mguuni. Cha kushoto nimekiweka kwenye kiti mbele yangu, ili niwe na wa kumtazama. Hicho ndicho kilikuwa Bwana Fundo.

Nikabonyeza kitufe. Kitufe cha kurekodi na cha kwenda laivu vimekaa bega kwa bega, na aliyevipanga hivyo mimi nina neno naye, ila leo si zamu yake.

Nikaanza. "Ndugu Fundo, karibu, keti." Kilikuwa kimeshaketi. "Sina kinyongo na wewe." Sauti ikatoka kali mno. Nikarudia kwa upole. Ikatoka kama natangaza msiba. Nikarudia kwa tabasamu, na ile sura ya tabasamu ndiyo mnayotumiana sasa kama stika, asanteni sana.

Nikaingia kwenye mhadhara. Nikakiambia kiatu kwamba mwaka 2002 mwanahisabati Burkard Polster wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, alipigia hesabu namna za kupitisha kamba kwenye matundu. Kiatu chenye jozi 6 za matundu, hata ukijiwekea sharti la kuvuka upande wa pili kila mara, kinakupa njia 43,200. "Arobaini na tatu elfu na mia mbili, Ndugu Fundo! Wewe umesikitikia ipi?" Hapo nilikuwa namnyooshea kiatu kidole.

Nikaendelea. Mwaka 2017 wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walirekodi kwa kamera ya kasi kubwa mtu akikimbia, waone kamba zinafunguka vipi. Mguu unagonga chini kwa nguvu inayofika mara 7 ya mvutano wa dunia, fundo linalegea kidogo. Ncha za kamba nazo zinachapa hewani na kuvuta. Vitu hivyo viwili vikishirikiana, fundo linaachia ghafla. Ila lipo linalowahi na lipo linalochelewa, na tofauti si kitanzi kimoja au viwili. Tofauti ni upande unaopishanisha kamba mara ya pili. Ukipishanisha kinyume na mara ya kwanza, vitanzi vinalala kukata kiatu, kushoto na kulia, fundo linashika. Ukirudia upande uleule, vinakaa wima, kimoja kinatazama vidole na kingine kinatazama kifundo cha mguu, na hilo linakusaliti njiani. "Yangu vimelalaje, Ndugu Fundo? Tazama mwenyewe!" Nikainua mguu mpaka usawa wa uso wa kiatu. Na bukta yangu. Mbele ya umma.

Sasa ushahidi. Nikavuta kamba za kiatu nilichovaa, nikazizungusha kwenye mguu wa meza, nikafunga kwa vitanzi vyangu viwili, kisha nikafunga na vitanzi vyenyewe juu yake mara nyingine ili pasiwe na wa kubisha. Nikavuta mguu. Fundo kimya. Nikavuta kwa nguvu. Meza ikanung'unika, fundo halijali. Nikakigeukia kiatu cha kushoto na kucheka kile kicheko cha mtu aliyeshinda kesi.

Hapa ningetamani klipu ingekatika. Haikukatika.

Maana nilikuwa nimejiandaa pia kwa hatua ya mwisho: kuombwa radhi. Nikamwigizia Bwana Fundo kwa sauti nyembamba ya puani: "Nisamehe, ndugu, nilikuwa sijui." Nikanyamaza kidogo, nimpe muda ajutie. Kisha nikainama, nikaweka mkono juu ya kiatu, nikasema kwa huruma ambayo sijawahi kumpa binadamu yeyote, "Inuka, ndugu yangu. Inuka. Usilie. Sote tunajifunza." Nikatoa leso mfukoni mwa shati. Nikakipangusa kiatu machozi. Jicho moja, halafu la pili. Msiniulize macho ya kiatu yako wapi. Nilijua wakati ule.

Kwa pembeni nikaona kitu chekundu kinapanda kwenye kioo cha simu. Kidogo tu, kikayeyuka juu. Kikaja kingine. Nikadhani ni taa inaakisi. Vikaja vingi kwa pamoja, na hapo nikatambua kwamba ni mioyo. Simu ikaanza kuita. Ni shahidi wa uongo. Mimi, leso mkononi, nikasema kwa sauti kamili: "Huyu naye anataka nini sasa hivi?" Hilo nalo lilisikika, na hilo ndilo lililomuudhi, kwa sababu yeye anaapa kwamba alikuwa anapiga kuniokoa.

Mioyo. Simu. Kijicho kidogo kwenye kona na tarakimu pembeni yake. Akili yangu ilivipokea kimoja kimoja, ikavipanga kwenye foleni, ikavisoma taratibu. Kisha damu yote ikashuka miguuni.

Nikakurupuka kuelekea simu.

Mimi nilikwenda. Mguu wa kulia ulibaki. Nilifika chini kifudifudi, shati la kola likiwa la kwanza, na nyuma yangu nikasikia meza inakuja. Ilikuja hatua moja, ikasimama, droo ikachomoka ikamwaga mgongoni mwangu kila nilichowahi kukificha humo: chaja za simu nilizokwisha kuzika, kalamu zisizoandika, na soksi moja ambayo nimeitafuta muda mrefu mno. Nikavuta mguu. Fundo lilishika. Nikapapasa, nikanasa kitanzi, nikakivuta kwa hasira. Kitanzi ukikivuta fundo linakaza zaidi. Nikatambaa. Meza ikatambaa. Tulitambaa pamoja mpaka chini ya kabati, na simu iko juu kule, inatutazama sote wawili.

Maoni yalikuwa yanamiminika, ila kutoka sakafuni sikuweza kusoma hata moja. Nimeyasoma baadaye, nimejifungia. "Vuta ncha!" "Usivute kitanzi!" "Inua meza!" Watu wamenipa ushauri nisioutaka siku zote hizi, na siku niliyouhitaji nikawa siuoni. Kati yao mmoja tu, Mungu amzidishie, aliandika, "Vua kiatu." Kiatu. Kilichokuwa mguuni mwangu. Ambacho kinavulika.

Na Bwana Fundo, kwa utulivu wake uleule: "Niinuke sasa?"

Niliinyaka simu kwa mpini wa ufagio. Ikaanguka kifuani, kamera juu, kwa hiyo mwisho wa matangazo yale ni matundu ya pua yangu tu na sauti yangu ikisoma herufi kwa herufi, "Je, una uhakika unataka kukatisha?" Nina uhakika. Sijawahi kuwa na uhakika hivyo.

Yaliyofuata hayana urefu. Nilikata kamba kwa mkasi. Nikazima simu. Nikaiwasha, nikaizima tena. Shahidi wa uongo akaposti. Kazini wamenisalimia kwa "inuka, ndugu yangu" kuanzia mlangoni. Bwana Fundo wafuasi wameongezeka, nasikia anafikiria kufanya somo la kufunga kamba, na wale wa duara jekundu wamenirudia kwa sura ya marafiki wa zamani.

Lakini niwaulize jambo moja, nyie mlioangalia mpaka mwisho na mlioangalia mara ya pili kwa kupunguza mwendo. Mguu ulivutwa, meza ikavutwa, droo ikachomoka, mtu mzima akaanguka. Kipi hakikuachia? Nimepitia maoni yote kutafuta mtu mmoja wa kuandika kwamba fundo lilishika. Hayupo. Badala yake nimekuta mjadala kwamba meza nimeiweka upande mbaya wa dirisha, vitabu vinatakiwa visimame na sio vilale, na yule wa malezi kaandika aya nyingine kuhusu watu wanaohifadhi chaja mbovu. Shangazi yangu, aliyejiunga na mtandao ili aangalie picha za wajukuu, kaacha maoni yake ya kwanza kabisa katika maisha yake: "Hilo pazia nyuma yako lifuliwe." Hadi naandika hapa, ndilo lenye likes nyingi kuliko yote.

Pazia nimeshaliloweka. Tafadhali asije mtu na habari za sabuni.