Una lenzi ya kisasa? Basi tafuta bodi tu

Mwenye lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka 2015, hana haja ya kusaka lenzi kuukuu ili apige picha za mkanda. Anunue bodi, yaani kamera ya mkanda yenyewe bila lenzi. Canon ilipoleta maunti ya EF (sehemu lenzi inapofungwa kwenye bodi) mwaka 1987 pamoja na kamera ya EOS 650, ilifanya apecha (tundu la kupitisha mwanga) na fokasi ziendeshwe kwa umeme tupu, bila chuma cha kusukumana kati ya bodi na lenzi. Ndiyo maana lenzi hiyo inaivaa bodi ya 1987 bila adapta na kila kitu kinafanya kazi. Zisizofaa ni EF-S, lenzi za kamera za dijitali zenye sensa ndogo, maana nyuma zimechomoza na kioo cha bodi kingezigonga, na RF za kamera zisizo na kioo.

Kwa Nikon watu wanapoteza mikanda. Maunti ya F ni ile ile tangu 1959, lenzi inaingia na kujifunga vizuri, na hapo ndipo mtu anapodanganyika. Lenzi za G hazina ringi ya apecha. Ukiifunga kwenye FM2, bodi ya zamani inayotegemea ringi hiyo, ukichungulia unaona mwanga mwingi, lakini ukifyatua tundu linajibana mpaka mwisho, f/16 au f/22, na mita ya mwanga nayo haijui apecha ni ipi. Picha za Mji Mkongwe vichochoroni zitatoka giza tupu. G inataka bodi inayoiongoza apecha yenyewe: F80, F100 au F5. Lenzi za E, ambazo apecha yake huendeshwa kwa umeme, ni kinyume chake: hata F6 haiwezi kuzibana, tundu hubaki wazi kabisa. AF-P, zenye mota mpya ya fokasi, ziache kabisa. Za DX, zilizotengenezwa kwa sensa ndogo, huacha pembe nyeusi.

Kabla ya kutia mkanda, fungua mgongo wa kamera, weka shata kwenye B (hubaki wazi muda wote unaoshikilia kitufe) na apecha f/16, fyatua ushikilie, kisha tazama kwa nyuma. Tundu likiwa dogo, badilisha uweke f/4. Lisipokua, bodi hiyo na lenzi hiyo hazisikilizani. Ukiwa hapo hapo kagua mapazia ya shata. Kwenye EOS za zamani kipande cha sponji huyeyuka kikawa kama lami, mapazia yakanata. Yanafutika kwa pamba na petroli ya kiberiti, taratibu bila kukandamiza, lakini uchafu utarudi mpaka sponji yenyewe itolewe.

Wapo wanaosema lenzi mpya inaua ladha ya mkanda. Sikubaliani nao. Ladha iko kwenye mkanda na namna unavyosafishwa. Mchanga mweupe wa Paje saa sita mchana hurudisha mwanga kila upande, na lenzi kuukuu, hasa iliyoota ukungu kwa unyevu wa masika, hutoa picha iliyofifia. Dawa inayopakwa vioo vya siku hizi inapunguza mwanga huo kuzagaa ndani ya lenzi. Na ndani ya msitu wa Jozani, lenzi yenye kituliza mtikisiko kwenye F80 au EOS 300 inakuruhusu kushuka mpaka shata ya 1/15 ya sekunde mkononi, mradi kima punju naye katulia.

Tatizo la kweli ni f/1.8 juani. Kwa mkanda wa ISO 400 (namba ikiwa kubwa, mkanda unahitaji mwanga kidogo) na shata inayoishia 1/2000, jua kali halikuruhusu kufungua zaidi ya f/7 hivi. Tia mkanda wa ISO 100, au baki na huo wa 400 ufunge filta ya ND8, kioo cheusi kinachopitisha moja ya nane ya mwanga, ambayo kwa hiyo 50mm ni ya milimita 49, na utashuka mpaka karibu f/2.5.