Somo gumu kuliko yote ni lile nililolifaulu kwa urahisi

Kila majina ya waliopata nafasi za vyuo vikuu yanapotoka, hapakosi kijana wa mtaani, aghalabu akiwa amesukumwa na mamake, anayenifuata barazani baada ya Alasiri kuniuliza ni somo lipi linalowaangusha watu katika shahada ya uhandisi wa ujenzi. Swali lenyewe ni la haki, kwa kuwa miaka 5 si michache na karo si haba. Ila jibu analolitaka ni orodha ya masomo yenye kufelisha, na mimi siamini tena kwamba idadi ya wanaofeli hupima ugumu wa somo. Yapo masomo yanayowaangusha wengi na bado si magumu kama yanavyovumishwa, na lipo moja ambalo wengi hulipita kwa alama nzuri, kisha likawarudia baadaye wakiwa wameshika michoro mkononi na nyumba ya mtu mwingine iko mbele yao.

Hisabati niipite upesi. Kalkulasi na milinganyo tofautishi huwaondoa wanafunzi wa kutosha katika miaka miwili ya mwanzo, na aliyeikariri hisabati sekondari badala ya kuielewa huumbuka mapema. Lakini inachosha mpaka izoeleke tu, na ikizoeleka haikugeuki. Wenzangu waliorudia mtihani, ule ambao wanafunzi huuita sapu, walitoka wakiwa wameimarika kuliko sisi tuliopita mara ya kwanza kwa bahati.

Somo lenye jina kubwa zaidi ni uchambuzi wa miundo, na sitaki kulidharau. Mwanafunzi huzoezwa kwanza boriti iliyolazwa juu ya nguzo mbili, ambayo hesabu yake ni mistari michache. Kisha siku moja huletewa boriti ndefu inayopita juu ya nguzo nne, au fremu ya ghorofa kadhaa, ambapo milinganyo ya msawazo peke yake haitoshi kuzipata nguvu zote zisizojulikana. Mwaka 1930 profesa mmoja wa Marekani, Hardy Cross, alichapisha njia ya kuigawa momenti, yaani nguvu inayoipinda boriti, kutoka kiungo hadi kiungo, duru baada ya duru, mpaka kinachobaki kiwe kidogo cha kupuuzwa, na vizazi vya wahandisi vimekesha na majedwali yake. Alama moja ya kutoa ikikuponyoka katika duru ya pili, kurasa zote zinazofuata zimeharibika. Tulitoka chumba cha mtihani tumelowa jasho kama wapagazi wa Kilindini, na hata mwakenya, karatasi ya kuibia mtihani, iandikwe kwa herufi ndogo kiasi gani, haimfai mtu kitu hapo, kwa sababu kila swali huja na boriti yake.

Hata hivyo somo hili lina uungwana wake, kwamba jibu lipo na jambo lenyewe linaonekana. Boriti iliyobeba mzigo uliotandazwa sawasawa, ukiongeza urefu wake mara mbili pasipo kubadili unene wala mzigo wa kila mita, itapinda mara 16 zaidi, kwa kuwa urefu umo katika kanuni hiyo kwa kipeo cha 4. Waashi wa Mji wa Kale wa Mombasa hawakuiandika kanuni hiyo popote, lakini walilijua jambo lenyewe. Vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita 3 au pungufu, kwa sababu dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo ikabaki imenyooka. Ukiingia katika chumba kama hicho baada ya kulisoma somo hili, unaikuta hesabu imelala juu ya kichwa chako. Isitoshe, nondo na saruji vimetengenezwa na watu, na vimepimwa kabla hujaviagiza.

Mekanika ya vimiminika huja na tabu ya namna nyingine. Kwa mtu aliyekulia hapa maji si kitu kigeni: wakati wa bamvua, bahari huachana kwa zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, na abiria wa feri ya Likoni huliona jambo hilo kwa miguu yao, siku nyingine wakishuka karibu na barabara, siku nyingine wakiukwea mteremko mzima. Kinachowatatiza wanafunzi ni kwamba baada ya nadharia safi, kama ile aliyoichapisha Bernoulli mwaka 1738, huletewa kanuni za mifereji kama ile ya Manning, ambayo ndani yake mna namba ya ukwaru unayopaswa kuichagua mwenyewe kwa kuutazama mfereji. Mwanafunzi hukasirika. Anataka kujua namba hiyo imetoka wapi, na mhadhiri humjibu kwamba inatokana na uzoefu. Hasira hiyo ni nzuri, na natamani ingekuwa kubwa zaidi tulipoufikia udongo.

Kwa maana mekanika ya udongo tuliipokea kwa kicheko. Mwaka 1925 Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, alichapisha kazi iliyolifanya somo hili kuwa sayansi inayojitegemea, na wazo lake kuu laweza kuandikwa kwenye kiganja: nguvu ya udongo haitokani na mzigo wote ulio juu yake, bali na ule unaobaki ukishatoa shinikizo la maji yaliyo baina ya chembe. Ni kutoa namba moja katika nyingine, hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Maabarani nako kulikuwa kama mchezo. Unapaka tope kwenye kikombe cha shaba, unazungusha mkono wa mashine, kikombe kinadunda, nanyi mnahesabu kama mfereji mliouchora katikati ya tope umejifunga kwa midundo 25.

Katika mtihani wa mwisho paliulizwa swali la udongo wa mfinyanzi unaokamuliwa maji na uzito wa jengo. Muda wa kukamuka hufuata mraba wa njia ambayo maji husafiri. Sampuli yenye unene wa milimita 20, ikitoa maji juu na chini, maji yake husafiri milimita 10 tu. Tabaka la mita 4 la udongo uleule, likitoa maji vivyo hivyo, maji yake husafiri mita 2, yaani mara 200 zaidi. Basi kilichochukua saa 1 maabarani kitachukua saa 40,000 chini ya jengo, ambazo ni zaidi ya miaka 4 na nusu. Nililipatia swali lote. Halikunipitikia wazo kwamba nilichokuwa nimekiandika ni kuwa mhandisi anaweza kulipwa, kuhamia mji mwingine na kupata watoto wawili kabla kosa lake halijachungulia ukutani.

Maswali yote yalianza kwa neno chukulia. Chukulia udongo ni wa aina moja. Chukulia maji yako mita 2 chini. Ugumu wote wa somo ulikuwa umefichwa ndani ya neno hilo, na mwalimu alitubebea.

Nilikuja kuubeba mwenyewe Miritini. Kisiwani kwetu watu wamedekezwa na mwamba wa matumbawe. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, imekaa juu yake na haijahama, ingawa hata mwamba huo una mapango yake kwa asiyechunguza. Bara upande wa magharibi, chini ya ardhi kuna mwamba laini uliotokana na tope la kale, na ukioza hugeuka udongo unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua. Nilichora msingi wa ukuta wa ua huko kwa vipimo nilivyovizoea kisiwani. Tulichimba wakati wa kaskazi, udongo ukiwa mgumu hata sururu inadunda, na fundi mmoja mtu mzima akaniambia, “Injinia, udongo huu ukinyeshewa si huu uuonao.” Nilimshukuru kwa adabu na nikaendelea. Masika ilipopita, ukuta ulikuwa na nyufa za ngazi-ngazi zilizofuata viungo vya mawe, na geti halikufunga tena. Mchoro ulikuwa wangu, na gharama ya kuubomoa ikatoka mfukoni mwangu.

Rafiki yangu mmoja hunipinga kwamba kila somo huwa gumu likifika kazini, kwa hiyo udongo hauna ajabu. Simkubalii. Chukua ploti ya futi 50 kwa 100, toboa mashimo matatu ya uchunguzi yenye kipenyo cha milimita 100, nawe utakuwa umeiona sehemu moja kati ya takriban 20,000 ya eneo lake. Zilizobaki unazikisia, na wateja wengi hawataki kulipia hata hayo mashimo matatu. Hakuna muuza nondo anayekuuzia mzigo kwa masharti hayo.

Ningepewa kutunga mtihani wa somo hili, nisingeandika namba hata moja. Ningewaletea wanafunzi gunia la udongo lililochimbwa wakati wa kaskazi na picha ya mahali lilipotoka, kisha ningewauliza ni mambo gani wangetaka kuyajua kabla ya kuweka jiwe la kwanza, na wangemuuliza nani. Alama ya juu angeipata atakayeandika kwamba angerudi hapo masika.