Mweka Hazina na Viza 12

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kusaidiana hapa Mamboleo, Kisumu. Nalisema mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu wa hesabu. Deni la shilingi 50 la mwaka juzi nalikumbuka, na mwenye nalo anajua kwamba nalikumbuka.

Bata nililetewa na mama mkwe kutoka Luanda, Vihiga: dume mmoja na majike wawili, wale wenye nyama nyekundu usoni kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Alinionea huruma kwa sababu ya nzi. "Hawa watawamaliza," akasema, akapanda matatu akaenda zake. Maagizo mengine hakutoa, nami sikuuliza. Nimekulia na kuku. Bata nilimwona ni kuku tu aliyevaa viatu vikubwa.

Nzi walipungua kweli. Ila wiki ya kwanza haikuisha kabla sijamwita daktari wa mifugo. Yule dume alikuwa halii. Anafungua mdomo, inatoka pumzi tupu, hhhhh, kama tairi la bodaboda lililokutana na msumari, huku anatikisa mkia na manyoya ya utosini yamesimama. Na uso ndio huo, vinundu kila mahali. Nikajua ni homa ya mapafu imepanda kichwani. Daktari akachungulia bandani, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akavua miwani. "Mzee, ndivyo alivyoumbwa. Dume wa aina hii hapigi kelele. Na hivyo vinundu ndio urembo wake." Akaniambia wanaitwa bata wa Maskovi, ingawa asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, wala Moscow hawaijui. Elimu hiyo ilinigharimu shilingi 500.

Baadaye jike mmoja akataga mayai 12 nyuma ya pipa la maji, akanyonyoa manyoya ya kifua chake mwenyewe akayatandika, akalalia. Ilikuwa Jumatatu. Nikaitia alama kwenye kalenda.

Siku ya 21, kimya. Nikaenda dukani kununua pumba, muuzaji akaniambia kuku ndio 21, bata ni 28. Siku ya 28, kimya vilevile. Nikawapa muda wa nyongeza, kama ninavyowapa wanachama wanaochelewesha mchango. Mama mboga wa langoni akapita, akatazama, akatikisa kichwa: "Baba, hayo ni viza. Yatakulipukia." Jumapili, siku ya 34, nikafunga faili.

Mama mtu alikataa kufungiwa faili. Kwa kawaida alikuwa akitoka mara moja kwa siku kunywa na kujimwagia maji ya karai, lakini siku hiyo aligoma. Nikamfunika gunia. Anayedhani mguu wa bata ni kasia laini tu la kuogelea hajawahi kuparuzwa na huyu; hulala juu ya miti huyu, na kucha zake zimepinda kama za paka. Nina mistari mitatu mkononi hadi leo.

Nikayatia mayai kwenye ndoo ya maji, kama tulivyofundishwa nyumbani. Linaloelea limeharibika. Yote yakaelea! Kesi kwisha. Kitu kimoja tu kilinishangaza: yai moja lilikuwa likitikisika. Linajigonga ukingoni mwa ndoo, linatulia, linajigonga tena. Nikatazama migomba nione kama kuna upepo. Hakukuwa na upepo. Nikayafuta, nikayapanga kwenye katoni ya sabuni juu ya manyoya yaleyale, kwa sababu mke wangu aliapa kwamba likipasuka moja uani mwake nitalala bandani.

Nilinuia kuyatupa korongoni njiani. Lakini mkutano ulikuwa saa nane, nilishachelewa, na faini ya kuchelewa niliipendekeza mimi. Nikaingia na katoni, nikaisukuma chini ya kiti. Jua la Kisumu juu ya mabati, sote tunachemka. Nikasimama kusoma hesabu.

"Pii."

"Zimeni simu," mwenyekiti akasema. Watu wakapapasa mifuko. Nyanya mmoja akatoa kabambe yake akaing'oa betri kabisa. Nikaendelea.

"Pii. Pii."

"Mweka hazina, ni yako hiyo."

"Yangu haina chaji," nikasema, na ilikuwa kweli.

Kisha ikaja dakika moja ya kimya, kwa ajili ya mwenzetu aliyefiwa na baba. Tukainamisha vichwa. Katika kimya hicho yai moja likaita, la pili likaitikia, na kufikia nusu dakika ilikuwa kwaya nzima. Katibu akainama, akafungua katoni. Ganda moja lilikuwa limepasuka kama nyota, na katikati ya nyota ncha ya mdomo, inapumua.

"Ni viza," nikasema.

Viza lenyewe likanijibu.

"Nyathina, mwanangu," nyanya akaniuliza polepole, "yamelaliwa siku ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Bata hawa ni thelathini na tano!" Waliitikia karibu wote, hata mfiwa. "Na huyu ndiye anatuhesabia pesa?"

Nilipanda bodaboda, katoni ndani ya koti, nikamwomba kijana apite matuta kama amebeba mgonjwa.

"Umebeba nini, mzee?"

"Mayai."

Akasikiliza kidogo. "Yanaongea?"

Nilimkuta mama yao amejinasua kwenye gunia, amekalia udongo mtupu, mbawa amezitandaza kana kwamba yote 12 yapo. Niliyarudisha moja moja, na kila moja nililipia kwa damu. Hadi Jumanne asubuhi walikuwa wametoka tisa. Kwa hiyo katika viza 12 nilipatia 3.

Mwezi uliofuata tulipofika kwenye yatokanayo, katibu akasoma: "Vifaranga vya mweka hazina." Mwenyekiti akauliza ni wangapi. Nikasema tisa. Nyanya akainua mkono, akapendekeza wateuliwe watu wawili waende wakahesabu. Wajumbe wakaunga mkono.