Kamba Moja, Jina Moja

Ami yangu alikuwa nahodha. Kwa miaka mingi aliendesha jahazi kati ya Lamu na Mombasa, akishuka na boriti za mikoko na kurudi na saruji na unga. Siku hizi bahari anaivuka kwenda Manda tu, na hiyo ni kwa harusi au kwa msiba. Lakini kila baada ya alasiri hukaa barazani na kicheza chake kidogo, Sansa Clip+, kitu kinachofichika ndani ya kiganja, akisikiliza Kurani, kasida na mawaidha. Mimi ndimi niliyemtilia Rockbox ndani yake. Mimi pia ndimi niliyemtafsiria maneno ya skrini na kumwandikia mwongozo wa Kiswahili wa kurasa 11. Na mwongozo huo ndio uliomfutia rekodi zake za Maulidi.

Kosa langu halikuwa la sarufi wala la tahajia. Kiswahili cha mwongozo ule kilikuwa kizuri, kila aliyekisoma alikisifu. Lakini mwongozo hausomwi kwa kusifiwa.

Kwa asiyeijua, Rockbox ni programu huria inayochukua nafasi ya ile iliyotoka kiwandani na kicheza. Ilianza mwaka 2001, pale Björn Stenberg na wenzake huko Sweden walipochoshwa na programu ya vicheza vya Archos wakaamua kuandika yao. Maneno yake ya skrini yamewekwa katika faili la maandishi ya kawaida, kwa hiyo mtu yeyote mwenye subira anaweza kuyatafsiri. Subira nilikuwa nayo. Nilichokosa ni daftari.

Katika Rockbox, orodha ya uchezaji ni kama karatasi yenye majina ya wageni. Ukimtoa mgeni kwenye karatasi, mwenyewe bado yuko nyumbani kwake: rekodi inabaki ndani ya folda yake, ila haichezwi katika orodha ile. Kufuta faili ni jambo jingine kabisa. Kiingereza kina maneno mawili hapo, "Remove" na "Delete", na watu wa Rockbox wamechunga kila neno likae mahali pake. Mimi nilipofika la kwanza niliandika "Futa". Baada ya wiki mbili nilifika la pili, nimeshasahau la kwanza, nikaandika "Futa".

Ramadhani ikaingia. Ami alitaka kupunguza orodha abaki na Kurani peke yake. Akafungua mwongozo, akaona "Futa", akaenda kwenye folda ya Maulidi, akabonyeza na kushikilia, akachagua "Futa". Kicheza kikamuuliza kama ana hakika. Mwongozo wangu ulisema: ukiulizwa, kubali. Akakubali.

Zilikuwa rekodi alizozichukua mwenyewe pale uwanja wa msikiti wa Riyadha kwa redio kaseti, miaka ya 1990, tukazihamisha kwenye kompyuta kanda moja moja. Humo mna sauti za watu ambao leo tunawasomea Fatiha. Kanda zenyewe zimeshaota ukungu.

Nyingi tulizipata. Faili linapofutwa kwenye kumbukumbu ya aina ile, kinachoondoka kwanza ni jina lake katika daftari la kumbukumbu. Maudhui hukaa palepale mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Programu ya PhotoRec hupita ikiyatafuta maudhui hayo yenyewe bila kutegemea majina. Kwa hiyo rekodi zilirudi na nambari tu, na ami alikaa siku tatu akizisikiliza moja baada ya nyingine ili anitajie kila moja ni ya mwaka gani. Lakini kabla hajaniambia alikuwa ameshatia mawaidha mapya, nayo yakakalia mahali pa baadhi ya zile za zamani. Rekodi mbili zilirudi nusu. Moja haikurudi.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, henza ina majina mangapi?"

Nilijua anakokwenda. Henza ndiyo kamba ya kupandishia foromali, ule mti unaobeba tanga, pamoja na tanga lake. Demani ndiyo kamba ya kulizuia tanga lisikimbie na upepo. Nahodha akiita henza, hakuna baharia anayeishika demani. Na hakuna nahodha anayesema leo henza, kesho kamba kubwa, keshokutwa ile ya mlingotini, eti asichoshe masikio ya watu. Upepo unapogeuka mtu hana nafasi ya kufikiri neno. Mkono unakwenda wenyewe kulikosikika jina.

Nadhani ugonjwa wangu ni wa wengi tuliosomea Kiswahili hapa pwani. Tangu darasani tumefundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini wa msamiati. Umeandika "nyumba", mstari wa pili andika "makazi", wa tatu "maskani". Na sisi watu wa Lamu tumelelewa na tenzi. Tunampenda anayezungusha neno likarudi na sura nyingine. Hilo sitaliacha katika ushairi hata siku moja. Ila niliubeba uzuri huo nikaupeleka mahali pasipouhitaji, kama mtu aliyeingia shamba na kanzu ya Idi.

Baada ya tukio lile nilikaa na mwongozo na kalamu nyekundu. Kile kifaa chenyewe nilikuwa nimekiita kicheza muziki, kifaa, mashine, redio na chombo. Majina matano katika kurasa 11! Na kila moja lina balaa lake. Redio imo ndani ya kifaa hichohicho, maana Clip+ inashika masafa ya FM. Sasa ukimwambia mtu "zima redio" azime nini? Chombo kwa mtu wa Lamu ni jahazi. Nilikuwa nimemwandikia nahodha, "Usiache chombo juani muda mrefu." Alidhani nimeongeza ukurasa wa mambo ya bahari kwa heshima yake.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kupata jina la kile kinachochezwa. Kwa wengi ni wimbo, basi. Lakini ami hasikilizi nyimbo. Sura si wimbo, na mtu atakayeandika "chagua wimbo" kisha akatarajia mzee wa Lamu afungue Suratu Yasin kwa maelekezo hayo hajui anazungumza na nani. Kasida nayo ina wanaokataa kuiita wimbo. Nikajaribu "sauti". Sentensi ya kwanza tu ikaniumbua: "Ongeza sauti." Aongeze ukubwa wa sauti, au atie rekodi nyingine? "Faili" ni sahihi, ila kwa ami faili ni la ofisi ya ardhi. Mwisho nikashika "rekodi", neno analolitumia mwenyewe tangu enzi za kaseti, na "sauti" nikaiachia kazi moja tu, ile ya kupanda na kushuka. "Kicheza muziki" nacho nikakikata mkia kwa sababu hiyohiyo, kikabaki "kicheza".

Kwenye folda sikukawia. Kuna kabrasha, kuna mkoba, kuna saraka, na kila moja lina watetezi wake. Vijana wa duka la kompyuta pale mtaani wanasema folda. Ami akikwama atawaendea wao, si wanaisimu. Tuna deni kubwa hapa. Mashine moja tunaiita kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na mwanafunzi anayetoka kitabu hiki kwenda kile anaweza kudhani ni mashine tatu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliposikia haya alinikumbusha mkutano wa Mombasa wa 1928, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na lahaja zetu za kaskazini zikaachwa nje. Aliona kwamba ninapodai neno moja kwa kitu kimoja ninafanya yaleyale. Nililichukulia hilo kwa uzito, kwa sababu na mimi ni mtu wa Kiamu, lahaja ya Lamu, na ninajua kinachouma. Lakini jibu langu ni hapana. Simwambii mtu yeyote neno gani alitumie nyumbani kwake. Ukitaka kuandika mwongozo mzima kwa Kiamu, andika, nitausoma kwa furaha. Ninachotaka ni kwamba neno ulilolichagua ukurasa wa kwanza nilikute ukurasa wa tisa, likiwa na maana ileile.

Rockbox wenyewe wamelishughulikia jambo hili kwa njia iliyonifunza mengi. Mwongozo wao huandikwa kwa LaTeX, programu ya kupangia maandishi, na maandishi hayohayo hutumika kwa vicheza vya aina nyingi ambavyo vitufe vyao havifanani hata kidogo. Kwa hiyo mwandishi hataji kitufe. Anaandika alama ya kitendo, kama kukubali au kughairi, na mwongozo unapotengenezwa kwa kicheza fulani, alama hiyo inageuka kuwa jina la kitufe cha kicheza hicho. Hata neno la kukitaja kifaa chenyewe lina alama yake fupi. Mwandishi hapewi nafasi ya kuchoka na neno akabuni jingine, na kesho wakiamua kulibadilisha watalibadilisha mahali pamoja tu.

Mimi sina LaTeX, nina daftari la mistari. Nimeandika maneno 34, kila moja na kazi yake mbele. Ondoa: toa rekodi katika orodha, rekodi inabaki. Futa: potezea mbali, haitarudi. Bonyeza: gusa na uachilie. Shikilia: bonyeza, usiachilie mpaka skrini ibadilike. Hilo la mwisho zamani nililiandika "bonyeza kwa nguvu", na ami alikuwa akikikandamiza kitufe mpaka kidole kinageuka cheupe.

Wanaosema mwongozo wa namna hii unachosha kusoma wanasahau kwamba hakuna anayeusoma tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu huufungua amekwama, usiku pengine, anatafuta neno lilelile analoliona kwenye skrini. Akilikuta ametulia. Akikuta kisawe chake anaanza kubahatisha, na kubahatisha ndiko kulikotupotezea Maulidi ya mwaka mmoja.

Juzi nilimpelekea ami nakala mpya. Alikagua orodha ya maneno kwa kidole, taratibu, mpaka pale nilipoandika "Changanya", yaani kucheza rekodi bila mpangilio. Akasema wachezaji wa karata hawachanganyi, wanachanga. Nikamwambia wengine watadhani ni kuchanga pesa. Akafikiri kidogo, akakubali libaki. Kisha akanitaka niongeze jinsi ya kulizima, kwa sababu sura zina mpangilio wake na yeye hataki Suratul Baqara ije baada ya Suratun Nas.

Nimeongeza, ukurasa wa saba: "Zima Changanya." Neno lilelile.